Belmiro Taveira, Mseja wa Kwenye Karatasi

Padre, ndugu, majirani wa uani kwetu, na nyinyi mliosimama karibu na mlango ili mtoke mapema, familia imeomba maisha ya Belmiro Taveira yasomwe kama yalivyokuwa, na kama kuna mtu wa ofisi ya nyumba humu ndani, tunamsihi ayasikie kama mfiwa, asiyasikie kama mkaguzi.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Novemba 1952 huko milimani Baião, mtoto wa tano kati ya saba, akasoma hadi darasa la nne, mwalimu akahama, baba yake akasema basi elimu imekwisha, na mwaka 1966 akaletwa hapa Porto kujifunza kupiga lipu, kazi aliyoifanya miaka arobaini na sita, na kuta zake zilinyooka kuliko watu wengi tunaowajua. Nyingi kati ya kuta hizo ni za nyumba za manispaa, alizipiga lipu, akafagia, akawaachia wenye bahati, akarudi kulala chumba namba sita, uani kwetu, penye bomba moja na choo kimoja kwa familia kumi na moja.

Hapa ingefuata ndoa, lakini ndoa ingoje kidogo, maana hata yeye aliingoja. Tarehe 24 Juni 1981, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, alikutana na Odete Fragoso wa chumba namba saba kwenye moshi wa sadini za kuchoma, wakajaliwa Graciete mwaka 1983 na Delfim mwaka 1986, na mlango kati ya vyumba viwili akautoboa mwenyewe, akauficha kwa kabati.

Mwaka 1989 tuliambiwa foleni ya nyumba za manispaa itakwisha baada ya miaka mitano, na Zulmira wa namba tatu, Mungu amrehemu, aliyejua kila dirisha la ofisi, akawaambia Belmiro na Odete, "Nyie vipi? Mkioana mna jina moja kwenye orodha, msipooana mna mawili, na lolote likiitwa mnahamia wote." Wakaona ni akili, kila mmoja akajiandikisha peke yake, akatia sahihi kwamba hana mwenzi, na sahihi hiyo wakairudia kila mwaka, na kila mkaguzi alipopiga hodi, uani kote tulianza kukimbiza viatu vya Belmiro kutoka chumbani kwa Odete.

Mkaguzi mmoja alikuta suruali kitandani kwa Odete, akauliza ni ya nani. "Ya fundi, bwana, amekuja kuziba paa." "Mwaka jana pia ulisema ni ya fundi." "Ndiyo, bwana, na paa bado linavuja, fundi gani huyu!"

Serikali zilikuja na kuondoka, kila moja na mpango wake na fomu zake, na mwaka 2009 waliotaka kuifupisha orodha walituma barua za kujibiwa ndani ya siku kumi, ya Odete ikafika yuko Baião akimuuguza mama mkwe, mama ambaye kwa karatasi hakuwa wake, jina likafutwa, na gazeti likaandika kwamba foleni imepungua.

Mapafu ya marehemu yalianza kumsumbua mwaka 2021, vumbi la kazi, walisema madaktari, na tarehe 1 Februari mwaka huu wa 2024, akiwa hospitalini, barua yake ikaja, vyumba viwili, jiko, choo cha ndani, ufunguo tarehe 12 Machi. Daktari akasema huenda asifike. Mwombaji akifa, nyumba huenda kwa anayefuata, isipokuwa awe na mwenzi wa ndoa, na hawa wawili walikuwa wameapa miaka thelathini na mitano kwamba si wenzi.

Basi ndoa ndiyo hii. Tarehe 21 Februari msajili alikuja kitandani, wakaoana, na kesho yake akaja mama mmoja wa ofisi ya nyumba na faili, akauliza, "Mlifahamiana lini nyinyi?" Belmiro akaivua barakoa ya hewa, akasema, "Juzi juzi." Yule mama akamtazama Graciete, akamtazama Delfim, wamesimama huku na huku na pua ile ile ya baba yao, akafungua faili. "Mapenzi ya kasi haya," akasema, akaandika jina la Odete.

Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 9 Machi, na ufunguo Odete anaitiwa kesho, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliolibeba jeneza, na mama yule ambaye hatutamtaja. Zaidi tunawashukuru nyinyi majirani, mliodanganya kwa ajili yetu miaka yote hiyo, wakati majina yetu mawili yalikuwa mbele ya jina lenu moja, mkajua, mkanyamaza, na wengi wenu mtatoka hapa kurudi kwenye choo kile kile. Marehemu aliliona hilo, lilimchosha kuliko vumbi.

Ameacha mjane, mke wa siku kumi na saba kwa serikali, wa miaka arobaini na miwili kwetu sisi. Pumzika, Belmiro, kwa amani, na nyinyi majirani, mtusamehe.