Risala ya Wake wa Madereva Kuhusu Springi Mpya za Bi Mdogo

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi wa Bohari ya Dawa. Meneja wetu, mafundi, makarani, na ninyi waume zetu mliojipanga huko nyuma kana kwamba hamtujui: tunawasalimu nyote.

Sisi ni wake wa madereva wa bohari hii. Tumemchagua mwenzetu tunayemwita Bi Mkubwa atusomee, ingawa mengi yaliyomo yanamhusu yeye mwenyewe. Maneno tumeyaandika sisi wenzake, mengine humu humu ukumbini, naye ameahidi kuyasoma yalivyo, bila kuruka yanayomchoma.

UKARIBISHO

Karibu sana, mama. Tumeambiwa umekuja kutoa ruhusa magari yote yaliyobaki yakazwe springi kama lilivyokazwa lile la kwanza, lile jeupe lililoegeshwa mlangoni na kufungwa utepe. Ulipolitangaza hilo hapa punde, ukumbi mzima ulipiga makofi isipokuwa sisi. Tuwie radhi. Hatukukosa adabu, ila mikono ilikataa, na tunaomba utusikilize ujue kwa nini.

HISTORIA

Hapo awali magari ya bohari yalikuwa laini. Ukipakia maboksi ya maji ya dripu, mkia unakaa chini, pua inatazama juu, na tairi za nyuma zinakwaruza bodi. Kwa hiyo mzigo wa zahanati za mlimani ulikwenda kwa awamu. Dereva alipanda na nusu, akashuka, akala kwake, akalala kwake, akagombana na mkewe kidogo, kisha akapanda tena na nusu iliyobaki. Wakubwa waliona hasara. Sisi tuliona ndoa.

Ndipo gari la mume wa Bi Mkubwa likapelekwa kwa fundi springi. Akafungua springi za nyuma, akaongeza mabapa mazito ya chuma juu ya yale ya zamani, akafunga na shokapu ngumu. Gari likatoka gereji limeinua kiuno. Mume wa Bi Mkubwa alilizunguka akitabasamu tabasamu ambalo mkewe hakuwa ameliona tangu siku za posa. Siku hiyohiyo tukalibatiza gari jina la Bi Mdogo, na mwenye mume akawa Bi Mkubwa, apende asipende.

MAFANIKIO

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bi Mdogo anabeba kwa mkupuo mmoja mzigo uliokuwa wa safari mbili. Dawa zinafika mlimani kabla za zamani hazijaisha, na wauguzi wa huko wanamshangilia akiwa bado kwenye kona.

Amefanikiwa na mengine. Alinunuliwa vitambaa vipya vya viti mwaka ambao pazia za Bi Mkubwa zilikuwa zinaonyesha jirani anapika nini. Anaogeshwa kila arudipo, hadi kwenye makwapa ya tairi. Akilia kidogo tu upande wa kushoto, mwanamume anainama kumsikiliza. Bi Mkubwa aliumwa jino juma zima akaambiwa asukutue kwa chumvi.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni wivu. Tunautaja wazi kwa sababu wivu kama kikohozi, haufichiki. Kwa kuwa Bi Mdogo anaweza kubeba vyote, alipangiwa kuzunguka zahanati zote bila kurudi katikati. Mume wa Bi Mkubwa akawa mgeni kwake. Tena hata siku alizokuwepo, alianza kushuka kitandani na kulala sakafuni, juu ya mkeka. Mke akimwita, anajibu, "Hapa pana baridi nzuri." Mama, wewe ni mwanamke mwenzetu. Mume akikimbia godoro lako akasifu sakafu, ungewaza nini?

Bi Mkubwa aliwaza hilohilo. Akaanza kuja hapa uani kila gari linaporudi, na hapo akagundua jambo. Gari lililokazwa springi likiwa tupu hukaa juu, kiganja kizima kinapita kati ya tairi na bodi. Bi Mdogo alikuwa anarudi amekaa chini. Bi Mkubwa alichomeka mkono, vikaingia vidole viwili tu. Amepeleka dawa, amezishusha, sasa anarudi na mzigo gani? Au wa nani?

Alikuja kwetu mbio. Tulikaa kikao na, tusifiche, tulichochea. Mmoja alisema ni mama wa gulioni na magunia yake. Mwingine akasema mama mmoja hawezi kulaza springi zile, labda na dada zake. Safari iliyofuata, mume alipoingia ofisini kurudisha funguo, tukalizingira gari na mwenyekiti wetu akavuta turubai.

Tulikuta mifuko ya mchanga, imepangwa vizuri juu ya ekseli ya nyuma.

Tulidhani atapoa. Wapi! Bi Mkubwa alipiga kelele iliyowatoa makarani madirishani: "Mchanga! Kumbe anajenga! Anamjengea nani?" Alivua kiatu na kuanza kuelekea ofisini, na sisi nyuma yake, kila mmoja akiwa tayari ameshaiona nyumba hiyo na rangi yake.

Fundi springi ndiye aliyetuzuia, anacheka hadi anashika mlango. "Shemeji, rudisha kiatu mguuni. Springi hizi nimezikaza kwa ajili ya mzigo. Gari likiwa tupu linakuwa gumu, kila shimo linamrusha dereva. Anaweka mchanga litulie." Kisha akaacha kucheka. "Si mimi wa kusema, lakini muulize mumeo kuhusu kiuno chake."

Alimuuliza nyumbani, mlango umefungwa. Mwanamume akasema, "Mama watoto, nakuomba ufunge mdomo. Wakijua mgongo umekwisha, funguo atapewa kijana mwingine." Kumbe sakafu ilikuwa dawa. Na kumbe wivu haukuwa wa mke peke yake: mume naye alikuwa anamlinda Bi Mdogo asiguswe na mwanamume mwingine, na anavunjika vipandevipande kwa ajili hiyo.

MAOMBI

Kwanza, magari yaliyobaki yasikazwe hivyohivyo. Fundi anasema ipo springi ya akiba, inayokaa juu bila kugusa gari likiwa tupu, na inayoanza kazi mzigo unapoikalia. Ni kazi ya siku zaidi na pesa zaidi. Tunaomba siku hizo na pesa hizo.

Pili, adhabu ya kuchoma mafuta ya bohari kwa kubeba mchanga, kama ipo, tugawane wote. Tulijua tukanyamaza.

Tatu, huyu dereva atibiwe, na akiwa matibabuni funguo zikae kwenye droo ya meneja zikimsubiri. Ombi hili Bi Mkubwa alilikataa mara mbili. Alisema, "Yaani nimwombee mume wangu arudishwe kwa yule?" Tulimwacha anune. Asubuhi alikuja mwenyewe akasema tuandike.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, mume huyo hajui kwamba haya yameandikwa. Yumo humu ukumbini. Ndiye yule aliyesimama ukutani karibu na mlango, ingawa viti viwili vitupu viko mbele yake. Wengi mmedhani anasimama kwa heshima yako. Hawezi kukaa.

Bila shaka sasa hivi anamkazia msomaji wetu macho, na siri aliyoombwa aitunze imeshatoka mbele ya mkurugenzi. Tumemwambia Bi Mkubwa asimtazame, asome tu hadi nukta ya mwisho. Tulimuuliza: je, akikukasirikia? Akajibu, na tumeandika kama alivyosema: "Anune mwaka mzima. Lakini anunie nyumbani, kitandani kwangu."

Mungu akulinde njiani, mama, akufikishe kwako salama, na akukutanishe na anayekungoja mlangoni.

Ni sisi,
Umoja wa Wake wa Madereva wa Bohari ya Dawa