Kikohozi Alichokisikia Mama Amoit

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Mama Amoit wa Mella, mkausha samaki. Alifariki Jumanne iliyopita. Wengi mlinunua samaki wake sokoni Busia. Wachache mnajua kwa nini aliwakausha uwanjani, majirani wakimcheka.

Zamani alikaushia jikoni, kwa moshi. Jiko lile la kuta za udongo halikuwa na dirisha. Mwaka 1963, wakati wa mvua, mwanawe Omoding alilala humo, kando ya moto. Omoding alikuwa na miaka miwili. Akaanza kukohoa.

Amoit alimbeba hadi zahanati. Mganga akamuuliza, "Mtoto analala wapi?"

"Jikoni. Huko iko joto."

"Mtoe. Moshi unamuua."

Alisikia, wasikilizaji. Alisikia vizuri. Lakini nyumba kubwa ilivuja, na mtoto alitetemeka. Akamrudisha jikoni, siku mbili tu, mvua ipungue. Siku ya pili Omoding akafariki.

Amoit alilibomoa jiko kwa jembe. Kikohozi hakikuondoka masikioni mwake. Mumewe, Mzee Opolot, alituambia: "Tuko kanisani, tunaimba, yeye nasimama, natoka. Namuuliza, wapi? Yeye nasema, mtoto nakohoa. Mimi sisikii kitu."

Miaka mitano ikawa hivyo.

Mwaka jana, 1968, akipita kijijini Sikuda na kapu lake, alisikia kikohozi tena. Aliingia jikoni mwa watu bila hodi. Humo mlikuwa na mtoto mchanga, amelazwa katikati ya moshi. Akamnyakua, akatoka naye. Mama wa mtoto, Selpher, alidhani ameibiwa.

"Nilimpiga na mwiko mpaka damu ikatoka," Selpher alituambia akilia. "Hakuniachia mtoto. Aliniuliza tu, 'Hata wewe nasikia yeye?' Nikasema ndiyo, namsikia. Ndipo akanipa."

Walikwenda zahanati pamoja, siku ile ile. Mtoto huyo, Loice, yuko hai. Ameanza kutembea.

Tulimuuliza Mzee Opolot kama mkewe alipata amani. Alisema asubuhi ya Jumanne Amoit aliomba mlango ufunguliwe, moshi utoke. Hakukuwa na moto uliowashwa.

Pole, Mzee Opolot. Pole kwa ukoo wote huko Mella. Pole nawe Selpher, uliyeuosha mwili wake.

Wasikilizaji wapendwa, saa hii vyungu viko motoni. Punguzeni sauti ya redio. Nani amelala humo jikoni?