Binti Yangu Haendi Kaniha

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu, poleni na jembe. Sikuja kuombewa huruma. Aliyeniletea huruma arudi nayo kwake.

Mnanijua hapa Ntobeye. Tulipohamia kijiji cha ujamaa nililima mstari wangu katika shamba la kijiji, nikamsaidia na jirani. Kisha nikavimba uso na miguu. Daktari hakunificha: mafigo yameharibika, hayatarudi kuwa mazima. Kula vidonge, punguza chumvi, miguu ikizidi kuvimba njoo upesi.

Ndugu zangu, nawaambia, hofu ilinitesa kuliko mafigo. Mume wangu alikuwa ameitwa vitani, nimebaki na binti wa miaka mitano. Nikachuna kamba mbichi ya mgomba, nikaifunga kifundoni mwa mguu, isibane wala isilegee. Nikasema, ikibana nitajua navimba. Hata kuoga niliukwepesha mguu ule, kamba isije ikaoza.

Siku ya nne ikabana. Ya sita ikauma. Kila asubuhi naishika kamba kabla ya kumshika mtoto. Shambani siendi, na wengine wakaniita mnyonyaji. Msiinamishe vichwa, mpo hapa hapa! Hospitali nayo sikwenda. Niliogopa kuambiwa ninachokijua.

Basi nikafunga nguo za binti yangu nimpeleke Kaniha kwa dada yangu, aanze kumzoea mama mwingine. Alilia akishika mlango. Jirani yangu, mjane tuliyepakana naye mistari, akasikia, akaja.

"Mtoto unampeleka wapi?"

"Kwa dada. Mimi nakufa. Ona kamba inavyonibana."

Akainama, akaikwaruza kwa ukucha. "Uliifunga mbichi?"

"Mbichi."

"Mwana wa migombani wewe! Fito za nyumba tunazifungaje? Si kwa kamba mbichi, ili ikikauka ikaze? Umejifunga kama ukuta, halafu unalia umevimba!"

Akaikata kwa kisu. Nilikasirika, nikacheka, nikalia, vyote mara moja. Kisha akanipeleka kwa miguu hadi hospitali. Daktari akasema mafigo bado mabovu, ila hayajazidi. Akanikemea kwa kuchelewa, na alikuwa na haki.

Msidhani hofu ilikwisha. Hurudi. Lakini sasa ikija sijifungii ndani nayo. Nakwenda kwa jirani nasema, "Leo naogopa." Yeye ananisogezea ungo wa maharage, tunachambua, tunasengenya kidogo, Mungu atusamehe.

Namshukuru mjane yule. Nawashukuru mliolima mstari wangu bila kunisema. Mwenye ugonjwa usiopona anisikie: cha mwili muulize daktari, cha moyo mwambie mtu. Usikae peke yako ukajihukumu kifo.

Mafigo yangu ni mabovu, sikatai. Lakini zile nguo nilizifungua siku ile ile. Binti yangu haendi Kaniha. Mama yake ni mimi, na nitamlea mimi.