Cephas Tolliver na Vikombe vya Marehemu Wetu

Miaka thelathini na minne Bwana Cephas Tolliver ametunza makaburi ya wazee wetu, waliovushwa bahari kutoka Afrika kuwa watumwa wa mashamba ya pamba hapa kisiwani. Tarehe 30 Mei anakabidhi funguo. Chama cha Maziko kimenipa mimi, Hagar Mungin, kazi ya kuandika haya. Anayetaka maneno ya kupamba akamtafute mchungaji.

Alikuja kutoka bara, ng'ambo ya daraja, kijana aliyepiga pasi hadi soksi. Siku ya kwanza alikuta juu ya makaburi vikombe vilivyovunjika, chupa za dawa na kombe za baharini. Akadhani takataka, akazoa zote kwenye toroli. Nilimkuta getini.

“Mwanangu,” nikamwambia, “hicho ni kikombe cha mwisho alichonywea mama yake babu yangu. Kilivunjwa makusudi, ili kifo kisirudi nyumbani kuchukua mwingine. Sasa utamrudishia kila mtu chake.”

Mwingine angeacha kazi. Yeye alichukua daftari akapita nyumba hadi nyumba, akiuliza hiki cha nani. Alilishwa wali mwekundu na kamba mpaka suruali zikaanza kumbana. Wazee walimwambia nani amelala wapi, na kwa nini miguu huelekezwa mawio: marehemu aamke akitazama kwao Afrika. Ilimchukua miezi kumi na moja. Akachora kila kaburi, maana mengi hayana jiwe. Nani alimpa mtumwa jiwe?

Katika mazishi ya kwanza aliyosimamia, aliwekwa upande wa kumpokea mtoto mchanga wa wafiwa, ambaye kwa desturi yetu hupitishwa juu ya jeneza, marehemu asije akamsumbua usingizini. Alimshika kama sufuria ya moto. Na kuimba, mpaka leo anaimba kama bawaba kavu, na haambiliki.

Mwaka wake wa kumi na tisa, kampuni moja ya hoteli ilitaka kupitisha barabara palepale makaburini. Waliliambia baraza kwamba makaburi ni kumi na mawili tu yenye mawe, kwingine kote ni kichaka. Sisi tulikwenda na machozi. Cephas alikwenda na daftari. Akasoma: jina, kikombe, mahali, jina, kikombe, mahali. Watu mia mbili na sita. Mwenyekiti akamwuliza kama anaweza kufupisha.

“Hapana, mheshimiwa,” akasema. “Ni mara yao ya kwanza kuitwa kwa majina humu ndani.”

Barabara ikapindishwa.

Katika ardhi ile hulazwa wazaliwa wa kisiwa tu, na aliyekuwa akiishikilia sheria hiyo kwa meno ni mimi. Jumapili iliyopita chama kilipiga kura, na mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wangu. Basi Cephas, hatukupi saa ya ukutani kama wastaafu wengine. Tunakupa sehemu yako upande wa maji, miguu mawio, katikati ya watu uliowaita.

Asante, mwanangu. Tunakutakia maisha mema, tena marefu. Sehemu ile haina haraka, nawe usiwe nayo.