Mkono wa Mzee wa Magongo

Bwana asifiwe, watu wa ibada ya Ijumaa! Leo sauti yangu ni ya kulia, mniwie radhi.

Ndugu zangu, niliajiriwa hapa Doha kumtunza babake madam aliyeniajiri, mzee wa kizungu aliyekuwa nyota wa mpira wa magongo wa kwenye barafu. Mchezo gani huo! Wanakimbizana kwa viatu vyenye visu, wanapigana mpaka meno yanatoka. Ya mbele ya mzee hayakuwepo. Alishinda makombe mpaka jezi yake ikatundikwa juu uwanjani, namba ile asiivae mtu mwingine tena. Lakini nilipomkuta, hata jina lake alikuwa amelisahau.

Kisha mama yangu akafariki, Bungoma. Nikaomba ruhusa ya kutoka nchini. Madam akakataa. “Baba atabaki na nani?” Jamani! Mama alizikwa nikimlisha uji baba wa mtu mwingine. Nilimchukia madam, nikamchukia mzee na makombe yake. Nikaomba, mbingu kimya. Mchana mmoja nikasema basi, leo najimaliza. Nikavua aproni, nikaelekea mlangoni.

Mzee alikuwa amesimama hapo, amenyoosha mkono. Katika mchezo wao, fainali ikiisha, waliopigana hupanga foleni wakapeana mikono, hata aliyevuja damu. Yeye alifanya hivyo kila tulipozima televisheni, nami nilizoea kumpita tu.

“Mzee, nipishe!”

Hakunipisha. Mkono uko pale pale. Nikaushika ili nipite. Akanikazia macho, akasema, “Umepigana vizuri. Sasa pumzika.”

Ee Yesu! Tangu mama afe, hakuna aliyekuwa ameniambia nipumzike. Nilianguka sakafuni, nikalia mpaka madam akaja mbio. Mzee akamnyooshea mkono naye, kisha akamsogeza kwangu. Madam akanishika, machozi yakimtoka. Hakusema pole. Mimi pia sikusema nimemsamehe, siwezi kudanganya madhabahuni.

Mzee alifariki baadaye. Magazeti ya kwao yaliandika mabao yake yote. Bao hili la kwangu hawakulijua, ndiyo maana nalisema hapa.

Kaburi la mama sijaliona mpaka leo, na uchungu haujaisha. Mungu hakunijibu nilivyotaka. Lakini niko hai, nami namshukuru! Mtumaini, ndugu yangu, hata kama unamtumaini ukinung'unika. Na wewe uliyekaa huko nyuma, unayewaza nilichowaza mimi siku ile, nakuomba, usitoke hapa kabla hatujaongea.