Dulcie na Nani?

Kwaang! Mlio mmoja tu, usiku wa manane, na mbwa wote wa mji wakaamka pamoja. Kwa hiyo asubuhi, kwenye benchi la mbele ya duka la mikate, hakukuwa na habari nyingine. Walikaa watatu kama kawaida, wakitazamana na maghala ya ngano. Kimya, aliyeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kunyamaza. Twiga, ambaye akikaa miguu yake haifiki chini. Na Kutu, mkata manyoya ya kondoo mstaafu, ambaye nywele zake zilikuwa nyekundu enzi zile alipokuwa nazo. Benchi likishakupa jina katika mji ule, lile ulilopewa na wazazi linasahaulika. La Kutu hata waliozeeka naye hawakulijua. Dulcie alikuja na kikombe chake, akakataa kukaa. Moyo ulimrukaruka kama samaki ndani ya ndoo.

— Ule ulikuwa mlango wa ghala, alisema Kimya. Upepo.

— Upepo gani, bwana? alidakia Twiga. Kile ni kimondo. Nilikinusa kabisa.

— Umenusa kimondo?

— Harufu ya mayai.

— Hayo ni mayai uliyokula mwenyewe!

Kutu alikohoa. — Mimi nasema ni fahali wa jirani. Ameota yuko mnadani, akalipiga geti kichwa.

Dulcie alicheka hadi kahawa ikampanda puani.

— Ni mimi, wazee wazima nyie! Nilikuwa nimeunganisha trela na pikapu, najifunza kulirudisha nyuma.

— Usiku, mama? aliuliza Twiga.

— Mchana mngeleta viti.

Wakatazama viatu vyao, maana kweli wangeleta. Mtu akianza kurudisha trela kinyumenyume, nchi nzima ile, watu hutoka na viti vya kukunja, wakakaa safu moja, wakamhukumu kila anapokata kona. Dulcie alikuwa ameendesha basi la shule mpaka nywele zikageuka mvi, lakini basi halivunjiki kiuno katikati. Trela linavunjika, pale linapoungana na gari. Alijaribu gizani, akagonga pipa mara moja, akakwaruza ua, mwishowe akaliweza.

Na lenyewe lilikuwa pale ng'ambo ya barabara, dogo, limekunjwa kama bahasha: turubai, godoro, jiko la gesi, tangi la maji. Nyumba alishaikabidhi kwa wenyewe. Kuanzia leo hana anwani nyingine.

— Na choo? aliuliza Kimya.

— Koleo la kuchimbia shimo.

— Mungu wangu.

— Basi langu lilizunguka duara lile lile miaka yote, Kimya. Shamba, shule, shamba, shule. Leo nakwenda mbele, nakwenda tu, mpaka lami iniambie basi.

Lakini kilichowakera wale wazee hakikuwa koleo. Kilikuwa maandishi. Barabarani, kila trela huandikwa nyuma majina ya wenyewe na namba ya redio ya mawasiliano, ili dereva anayefuata aweze kuwaita. Dulcie alikuwa ameandika kwa rangi ya buluu, kwa mkono wake: DULCIE NA. Halafu nafasi tupu, pana kama kitanda.

Watu wawili tu ndio waliojua habari ya nafasi ile, na mmoja alikuwa Kutu. Yeye ndiye aliyemwomba waende pamoja, nyuma ya ukumbi wa bingo, kofia mkononi. Dulcie akakubali palepale, kwa sharti moja: ampe jina lake la kweli.

— Siwezi kulala chini ya turubai moja na utani wa kijiweni, alimwambia.

Kutu akasema jina hilo aliitwa na mama yake peke yake, na walipomzika alilifungia humo humo kaburini. Hajalitamka tena. Dulcie hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba kahawa ya asubuhi hii ikiisha, anawasha gari. Angeondoka hata akiwa peke yake, angeimba njia nzima. Ila alikuwa amenunua mito miwili.

Sasa akatikisa kikombe. Mafunda mawili, labda matatu.

— Nafasi ile ni ya daktari wa meno, alisema Kimya. Alikuwa anamchekea mno.

— Si mtu mmoja, alisema Twiga. Ni genge. Dulcie na Wenzake. Wanaiba kondoo, wanawakunja ndani ya turubai.

— Au mume wa siri! alidakia Kimya. Yuko ndani sasa hivi, amekunjwa na godoro!

— Kutu, mbona unatoka jasho? aliuliza Twiga. Sema na wewe.

Kutu alimega pai yake. — Kangaruu, alisema. Atamfundisha kusoma ramani.

— Kangaruu huyo, alisema Dulcie bila kumwondolea macho, akiulizwa jina lake atajibu?

Kutu akainamia pai yake ya nyama kana kwamba jibu limo ndani ya mchuzi. Dulcie akapiga funda, akapiga jingine. Lilikuwa tamu, na lilikuwa la mwisho.

Hapo gari lililojaa vumbi jekundu likasimama. Akashuka binti mmoja, ndala miguuni, trela lake nyuma, akanunua pai, akageuka kulisoma lile la Dulcie.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Naelekea kaskazini, na barabara ni hii moja. Nikiwa nyuma yenu huko njiani nataka kuwaita redioni. Dulcie na nani?

Kimya akafungua mdomo. Akaufunga. Twiga alimtazama Kimya, kwa maana tangu azaliwe hajaona jambo hilo.

Dulcie akatupa kikombe pipani, akavuka barabara. Hakutazama nyuma. Akapanda, akawasha, pikapu ikanguruma.

Kwenye kioo cha pembeni akaona kofia nyeupe inakuja, magoti yakilalamika, pai bado mkononi.

— Unakwenda wapi wewe? alipiga kelele Twiga.

Kutu alisimama penye dirisha la Dulcie. Akavua kofia. Alimjibu yule binti, lakini macho yalikuwa kwa Dulcie.

— Ambrose, alisema. Ukituita, mwanangu, ita Dulcie na Ambrose.