Shangazi wa Besi Aenda Kupumzika

Ifikapo tarehe 30 Juni, fundi wetu wa sauti atastaafu baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na mmoja. Sote tunamwita Shangazi, hata meneja, ambaye kwa umri anamzidi.

Alianza mezani, akitengeneza redio ndogo, kisha akapewa gari la kuhudumia wateja majumbani. Huko ndiko alikojipatia sifa, hasa kwa ugonjwa mmoja: muziki usio na besi. Wengi hukimbilia kununua spika kubwa zaidi. Shangazi hana papara. Akiingia sebuleni, kwanza huomba kukaa pale anapokaa mwenye nyumba, asikie anachosikia yeye.

Kuna bwana aliyeweka kochi lake katikati kabisa ya sebule. Shangazi alimsihi alisogeze hadi karibu na ukuta, na besi ikajaa chumba kizima.

“Kwa hiyo ubovu ulikuwa kwenye kochi?” bwana yule akauliza, amenuna.

“Kochi ni zima, baba. Limekaa pabaya tu.”

Lakini kazi tutakayoisimulia daima ni ya mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alikuwa akiimba besi kwenye kwaya, na sauti yake ilibaki kwenye kanda moja tu. Mama alipohamia kwa mwanawe, kijana alimfungia redio upya. Tangu hapo kwaya ilisikika nyembamba, na sauti ya mumewe haikuwamo. Mama akaamini kwamba kanda imechakaa, au masikio yake ndiyo yamezeeka. Akaacha kuipiga.

Shangazi aliisikiliza, kisha akazima spika moja. Besi ikarudi kidogo. Hapo akajua. Alipiga magoti nyuma ya kabati na kukuta waya za spika moja zimefungwa kinyume, nyekundu mahali pa nyeusi.

“Spika zako zinagombana, mama,” alimweleza. “Moja ikisukuma, nyingine inavuta. Ni kama watu wawili wanaoburuta meza, kila mmoja kwake. Meza haiendi.”

Akazigeuza waya, akarudisha kanda mwanzo. Mama alikuwa ameegemea kiti. Kwaya ilipoanza, akainuka taratibu, mkono kifuani.

“Huyo hapo,” akasema. “Ameingia kabla ya wenzake. Hakuacha haraka zake mpaka anakufa.”

Akacheka, na machozi yakamtoka. Shangazi akaketi naye mpaka kanda ikaisha, wateja wengine wakisubiri. Meneja alipomuuliza alichelewa wapi, alijibu bila kupepesa macho kwamba alikuwa na mume wa mtu.

Mafundi wengi hapa wamepitia mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kufokewa mbele ya mteja. Kwa hilo, na kwa vicheko vyote, Shangazi, tunakushukuru kwa moyo mkunjufu.

Hata hivyo, mganga hajigangi. Mume wa Shangazi ametunong’oneza kwamba redio ya kwao inalia kama nyuki aliyenaswa koponi, na kila akiomba itazamwe huambiwa apange foleni. Shemeji, foleni imekwisha. Tumekurudishia fundi wako akiwa mzima, na masikio yake yote mawili. Shangazi, uwe na afya njema, na siku ndefu za kukaa sebuleni kwako mwenyewe.